Tanga hadi Dar kwa ndege: kilomita 198, saa ngapi?

Uliza Tanga na Dar es Salaam zimeachana kwa umbali gani, utapewa majibu matano, na kila jibu lina mtetezi wake. Dereva wa basi atasema kilomita 350 na ushei. Programu ya simu inayopiga mstari mnyoofu itaandika 198, na nyingine itaandika 199. Rubani atataja 107, na aliyezoea maili za Waingereza atataja 123. Ukija kwenye muda ndiyo kabisa. Kuna wanaosema dakika 15, kuna wanaosema dakika 45, tiketi ya mtu inaonyesha saa moja na dakika 40, na aliyesafiri jana anaapa kwamba safari ilimla nusu siku.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mmoja amepima kitu chake, ila namba zote zimekuja zimevaa jina moja. Madhara yake si madogo. Mtu anapanga kikao cha asubuhi Dar kwa kuamini dakika 15. Mwingine ananunua tiketi ya kuunganisha ndege ya Muscat akiwa ameacha pengo la saa moja tu. Na mjadala wa kupanua uwanja wa ndege wa Tanga unaendeshwa kwa hoja ya "kufupisha safari" bila mtu kuuliza ni sehemu ipi ya safari itakayofupishwa. Tangu Chongoleani, hapo Tanga, ichaguliwe kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, wanaoingia na kutoka Tanga kikazi wameongezeka, na swali hili linaulizwa kwa sauti kubwa zaidi. Linastahili kuchambuliwa kwa ukamilifu.

Namba zinatoka wapi

Uwanja wa Tanga uko kwenye nyuzi 5.09 kusini na 39.07 mashariki. Ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, uko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Kwa hiyo viwanja hivi viwili viko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Tofauti ya mashariki na magharibi haifiki kilomita 15. Huku kwetu karibu na ikweta, nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 110.6. Zidisha, ongeza kile kipande cha pembeni, unapata kilomita 198.

Ile 199 inatokana na programu zinazoichukulia dunia kuwa duara kamili. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na hesabu inayozingatia kubonyea huko ndiyo inayotumika katika usafiri wa anga. Kwa safari fupi kama hii tofauti ni kilomita moja, na asiyekuwa mpima ardhi hana haja ya kuipigania. Hizo 107 na 123 ni kilomita zile zile 198 kwa vipimo vingine: maili ya baharini, ambayo marubani na manahodha wanaitumia, ina mita 1,852, na maili ya nchi kavu ina mita 1,609. Anayesoma "107" akadhani ni kilomita ameshaipunguza safari kwa karibu nusu kabla hajapanda ndege.

Kilomita 350 za barabara nazo zina historia yake. Barabara kuu haifuati pwani. Inatoka Tanga ikielekea bara hadi Segera, ndipo igeuke kusini kupitia Mkata, Mbwewe na Msata hadi Chalinze, halafu irudi tena mashariki kuitafuta bahari. Njia ya Msata hadi Bagamoyo inakata kona ya Chalinze, lakini ule mzunguko wa Segera unabaki pale pale. Umbali wa barabara unakaribia mara mbili ya ule wa angani kwa sababu ya njia iliyochaguliwa. Kati ya Tanga na Dar hakuna mlima wa kuzungukwa.

Unguja iko njiani, Pemba haiko

Kuna jambo kwenye ramani ambalo wanaojadili safari hii hulipita, nalo ndilo linaloeleza zaidi kuliko mengine yote. Weka rula kutoka uwanja wa Tanga hadi wa Dar. Mstari unashuka kusini, unaingia baharini, unapita mbele ya mdomo wa Mto Pangani kama kilomita 13 kutoka pwani, unaiacha Saadani na Bagamoyo mkono wa kulia, kisha unapita kilomita nne hivi tu magharibi ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kutoka Tanga hadi uwanja wa Abeid Amani Karume ni kilomita 126, na kutoka hapo hadi Dar ni kilomita 73. Jumla ni 199. Yaani ndege inayotua Unguja imeongeza safari kwa kilomita moja tu.

Lakini haikuongeza dakika moja tu. Ndege lazima ishuke, ipange foleni ya kutua kwenye uwanja wenye shughuli nyingi, itembee hadi maegeshoni, ishushe watu na mabegi, ipakie wengine, ipate ruhusa, iruke tena. Hapo imeondoka nusu saa au zaidi. Kilomita moja, dakika thelathini. Anayedhani muda wa ndege ni umbali gawanya kwa mwendo na aitazame Unguja.

Pemba ni hadithi tofauti. Uwanja wake, karibu na Chake Chake, uko kilomita 84 mashariki ya Tanga. Kutoka Pemba hadi Unguja ni kilomita 125. Ndege inayotoka Dar kwenda Tanga kwa kupitia visiwa vyote viwili, njia iliyozoeleka na kampuni za ndege ndogo kama Coastal Aviation na Auric Air, inaruka 73, kisha 125, kisha 84. Jumla ni kilomita 282, na vituo viwili katikati. Abiria wa Tanga anaingia ndani ya ndege Dar, anatazama watalii wakishuka Unguja, anabaki kwenye kiti chake wakati begi za wenzake zikivutwa nje, anaruka tena, Pemba wanashuka wafanyabiashara na watu wanaokwenda kwao, na mwisho anabaki na watu wachache wakivuka mkondo kuelekea bara. Angani kote amekaa kama saa moja na dakika kumi. Zilizobaki, mpaka ifike saa moja na dakika 40, amezitumia akiwa chini.

Msimamo wa kwanza: piga hesabu ya kilomita

Kuhusu namna ya kuupima muda kuna misimamo mitatu. Wanaoshika wa kwanza wanasema umbali haubadiliki, haupandishwi bei na hautegemei kampuni, kwa hiyo ndiyo msingi wa kuaminika. Chukua kilomita, gawanya kwa mwendo wa ndege, umepata muda. Programu nyingi hufanya hivyo hivyo. Zinachukua mwendo wa jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa, na kwa Tanga hadi Dar zinatoa dakika 15. Zilizo makini kidogo zinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua, jibu linakuwa dakika 45.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unalinganisha vitu kwa usawa. Ukitaka kujua uwanja upi uko karibu na Tanga, kati ya Mombasa, Unguja, Pemba na Kilimanjaro, hakuna njia bora zaidi: Pemba 84, Unguja 126, Mombasa kama 130, Kilimanjaro kama 288. Anayekokotoa mafuta anaanzia hapo, na anayepanga uokoaji wa baharini vilevile.

Udhaifu wake uko kwenye mwendo. Hakuna jeti inayobeba abiria kati ya Tanga na Dar. Kinachoruka kwa miaka mingi ni Cessna Caravan, ndege ya injini moja yenye viti 12 au 13, inayokwenda karibu maili 160 za baharini kwa saa, sawa na kilomita 300 hivi. Kwa mwendo huo maili 107 ni dakika 40, na ukiongeza kupanda na kushuka unafika dakika 45. Kwa hiyo ile programu ya nusu saa ya nyongeza imepata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi: jeti ya kufikirika pamoja na nusu saa ya kufikirika vimeangukia pale pale ilipo Caravan. Ijaribu kwingine uone. Kwa Tanga hadi Pemba, kanuni hiyo hiyo inatoa dakika 36, ilhali Caravan inavuka kwa dakika 20 hivi. Kwa Tanga hadi Kilimanjaro inatoa dakika 52, ilhali Caravan ingehitaji zaidi ya saa nzima. Huku imezidisha, kule imepunguza. Kanuni inayokosea pande zote mbili haiwezi kurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza dakika tano.

Kuna jambo la kihistoria hapa ambalo wapenda mwendo hawalipendi. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa 1946 na kuvunjika 1977, lilitumia ndege za DC-3 kwenye njia za pwani. DC-3 ilikwenda karibu kilomita 270 hadi 290 kwa saa. Caravan ya leo imeizidi kidogo tu. Maana yake ni kwamba kipande cha angani cha safari ya Tanga hakijabadilika sana kwa zaidi ya miaka 60, huku kila kitu kinachokizunguka, kuanzia barabara hadi foleni za Dar, kikibadilika mara kadhaa.

Msimamo wa pili: soma ratiba

Wa pili wanasema achana na hesabu za darasani, angalia ratiba ya kampuni. Ratiba inahesabu tangu magurudumu yanapoanza kusogea hadi yanaposimama, kwa hiyo tayari ina ndani yake kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na vituo vya njiani. Ni ahadi ya mtu anayejua kazi yake.

Msimamo huu una nguvu kwa sababu unajua mambo ambayo ramani haiyajui. Unajua upepo, kwa mfano. Kusi inapovuma katikati ya mwaka, ndege ndogo inayotoka Tanga kwenda Dar inapigana na upepo wa mbele. Upepo wa maili 20 za baharini kwa saa unapunguza mwendo wa Caravan kutoka 160 hadi 140, na safari ya dakika 40 inakuwa 46. Ikirudi siku hiyo hiyo na upepo huo mgongoni, inakwenda 180 na kufika kwa dakika 36. Tofauti ya kwenda na kurudi ni dakika kumi, kwenye njia ile ile na ndege ile ile. Kaskazi ikiingia mambo yanageuka. Jeti yenye mwendo wa maili 450 ingetofautiana kwa dakika moja hivi tu. Wazee wa majahazi waliijua kanuni hii kabla ya ndege kuwapo: chombo cha polepole ndicho kinachotii upepo.

Udhaifu wa ratiba ni kwamba inaficha. Inaandika saa ya kuondoka na saa ya kufika, na vituo vya katikati mara nyingi havionekani mpaka umekwisha kukaa kitini. Safari mbili za kampuni moja, zote "Dar hadi Tanga", zinaweza kupishana kwa saa nzima kwa sababu moja inapitia Pemba. Tena ndege ndogo hufuata abiria. Asipokuwapo wa kushuka Pemba, kituo kinaweza kurukwa. Wakipatikana wanne wa kuchukuliwa mahali pengine, kinaweza kuongezwa. Msimu wa masika watalii wanapopungua, idadi ya safari nayo hupungua. Kuna na lile tatizo la saa lisilozungumzwa: tiketi inaandika 09:30, nyumbani wanasema saa tatu na nusu, na anayesoma haraka anaweza kufika uwanjani wakati usio wake. Si kosa la ratiba, lakini inayoachwa ni ndege.

Msimamo wa tatu: mlango kwa mlango

Wa tatu wanacheka wote wawili. Msafiri, wanasema, hatoki uwanjani kwenda uwanjani. Anatoka Ngamiani kwenda Kariakoo. Muda wenye maana ni tangu anapofunga mlango wake hadi anapogonga wa mwenyeji wake.

Tuifuate hesabu hii kwa makadirio ya kawaida. Uwanja wa Tanga hauko mbali na mji. Kwa bajaji au bodaboda tuseme dakika 15. Kuripoti mapema, kupima begi kwenye mizani (kwa ndege hizi kikomo mara nyingi ni kilo 15, na begi laini linapendwa kuliko sanduku gumu), kusubiri kuitwa: saa moja. Ndege ya moja kwa moja: dakika 45. Kushuka na kupata mzigo Dar: dakika 20. Kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji ni kilomita 12 hivi tu, lakini ni barabara ya Nyerere, kwa hiyo saa moja si makadirio ya mtu mwoga. Jumla: saa tatu na dakika 20. Ukipitia visiwani, saa nne na robo.

Kwa basi: dakika 20 hadi stendi ya Kange, nusu saa ya kungoja lijae au lifike saa yake, kisha saa tano na dakika 45 za barabarani. Sheria inazuia mabasi kupita kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50, kwa hiyo hata konda mwenye ahadi nyingi hawezi kuzifanya kilomita 350 ziishe kwa saa nne. Basi linafikia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, iliyochukua nafasi ya Ubungo 2021, na kutoka hapo hadi mjini ni saa nyingine. Jumla: saa saba na nusu hivi.

Kwa hiyo ndege inaokoa saa nne kama haitui njiani, au tatu na kidogo ikipita visiwani. Ni nyingi, lakini haziko karibu na picha ya "dakika 45 dhidi ya saa sita" inayobebwa vichwani. Na angalia ndani ya zile saa tatu na dakika 20: muda wa kuwa angani haufiki robo. Leo tukipata ndege yenye mwendo mara mbili, tutaokoa dakika 20 kati ya 200. Dakika hizo hizo 20 unazipoteza ukikuta foleni ya TAZARA imekaza.

Linganisha na Dar hadi Mwanza. Angani ni kama kilomita 850, kwa barabara zaidi ya 1,100. Pale ndege inakula siku nzima ya basi kwa saa moja na nusu, na muda wa kusubiri uwanjani unakuwa mdogo ukilinganisha na ulichookoa. Kadiri safari inavyokuwa fupi, ndivyo muda usiobadilika, ule wa bajaji, mizani na foleni, unavyokuwa mkubwa kuliko muda wa kuruka. Tanga iko ukingoni kabisa mwa umbali ambao ndege bado ina maana.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba hauna namba moja. Wa Kigamboni ana namba yake, wa Tegeta ana yake, na mwenye gari binafsi anayeondoka saa kumi alfajiri ana yake kabisa. Kampuni haiwezi kuuchapisha, mamlaka haiwezi kuusimamia. Zaidi ya hapo, watetezi wake wengi husahau kuhesabu kitu kimoja: kusubiri siku. Mabasi ya Tanga yanaondoka tangu alfajiri hadi jioni, na tangu Serikali iruhusu tena safari za usiku 2023, hata usiku. Ndege ikiwa moja kwa siku na shughuli yako imeisha nusu saa baada ya kuondoka kwake, muda wako wa safari si saa tatu. Ni kesho.

Hoja ya ndege kubwa

Hapo ndipo linapoingia dai la kila msimu wa siasa: refusheni njia ya kurukia, ilete ndege kubwa, safari itakuwa fupi. Njia ya Tanga kwa miaka mingi imekuwa na urefu wa mita 1,200 na ushei, unaotosha Caravan bila shida lakini unaobana kwa ndege kama Dash 8 Q400 za Air Tanzania, zenye viti 76.

Q400 inakwenda karibu kilomita 650 kwa saa. Kwa kilomita 198, baada ya kupanda na kushuka, itaokoa labda dakika kumi. Hoja ya muda basi ni dhaifu, na wanaoitumia wanaiharibia kesi nzuri. Kesi nzuri ya ndege kubwa ni nyingine: gharama ya kiti kimoja inashuka, mzigo unaoruhusiwa unaongezeka, kuna injini mbili, na hali mbaya ya hewa haiisumbui sana.

Bei yake ni kwamba viti 76 vinahitaji watu 76. Caravan sita zinabeba karibu idadi hiyo hiyo, na sita hizo zinaweza kuondoka kwa nyakati sita tofauti. Ukiwa na abiria 40 kwa siku, una uchaguzi: ndege kubwa moja iliyojaa nusu, au ndogo nne kuanzia asubuhi hadi jioni. Ya kwanza inaweza kuwa nafuu ya tiketi. Ya pili ni nafuu ya muda. Mara nyingi ndege kubwa inapoletwa kwenye soko dogo huishia kuruka siku tatu kwa wiki, na hapo aliyetaka kwenda na kurudi siku moja amepoteza zaidi ya alichokuwa nacho. Kwa maoni yangu, kwa Tanga ya sasa mara ngapi kwa siku ni muhimu kuliko ukubwa wa ndege, na urefu wa njia ya kurukia uzungumzwe kama suala la usalama na bei, si la dakika.

Mombasa, jirani wa mbali

Kipande kifupi, kwa sababu hali yenyewe ni fupi. Viwanja vya Tanga na Mombasa vimeachana kilomita 130, karibu sawa na Tanga na Unguja. Caravan ingefika kwa nusu saa. Lakini ni nchi mbili, kuna uhamiaji na forodha kwenye kila ncha, na anayetaka kwenda kwa ndege kupitia visiwani anaruka kusini kilomita 126 hadi Unguja, kisha 245 kurudi kaskazini. Kilomita 371 kwa safari ya 130. Hakuna mwenye akili timamu anayefanya hivyo. Watu wanapita Horohoro na Lungalunga, kwa barabara ya lami, na Likoni wanavuka kwa feri. Hapa mpaka ndio unaopanga muda, na hakuna ndege itakayoushinda.

Kupima

Kwa maswali ya ramani, mafuta na uokoaji, kilomita 198 zinatosha na zisiongezwe neno. Kwa kuunganisha ndege, ratiba ndiyo ya kufuatwa, mradi msafiri aulize swali moja kabla ya kulipa: inatua wapi na wapi? Mamlaka ya Usafiri wa Anga ingeweza kuzitaka kampuni zichapishe vituo pamoja na saa. Ni mstari mmoja wa maandishi. Kwa kuamua basi au ndege, mlango kwa mlango unashinda, ila uhesabiwe pamoja na saa za kusubiri safari inayofuata.

Ukipima hivyo, njia ya Tanga na Dar inaonekana kuwa na nguvu ndogo kuliko tunavyojisifia, na itapungua tena. Barabara ya pwani kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, pamoja na daraja la Pangani la mita 525, inajengwa. Ukiongeza sitini na kitu za Bagamoyo hadi Dar, jumla ni kama 320. Kwa kilomita haiokoi sana, lakini inauacha mzunguko wa Segera na malori yake. Huko Ufaransa, 2023, sheria ilifuta baadhi ya safari fupi za ndege za ndani pale ambapo treni inafika chini ya saa mbili na nusu. Tanga haina treni ya namna hiyo, na ile ya Dar hadi Arusha inapita Korogwe bila kuugusa mji wa Tanga. Hata hivyo swali ni lile lile: ndege hii inachukua nafasi ya nini?

Kwa Pemba jibu halina mjadala. Ni kilomita 84 na hakuna barabara itakayowahi kujengwa, maana katikati kuna mkondo wenye kina kirefu. Meli ipo, lakini si ya kila siku, na inachukua saa nyingi. Ndege inavuka kwa dakika 20. Visiwa vya Orkney, Uskoti, vina safari ya ndege ya kilomita tatu hivi kati ya Westray na Papa Westray, isiyofika hata dakika mbili, na imedumu kwa miongo kwa sababu iyo hiyo: katikati kuna maji. Tanga na Pemba zina ndugu wa damu, soko na ndoa za pande zote mbili, na bado kipande hiki kinaendeshwa kama mkia wa safari ya Dar, saa zake zikipangwa kwa kufuata watalii wa Unguja. Caravan moja inayolala Tanga, ikavuka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi jioni, ingemwezesha mtu wa Tanga kumaliza shughuli yake Chake Chake na kulala kwake. Kwa hilo, njia ya kurukia iliyopo inatosha.